Anti, kitabu hiki kisomwe mbele ya darasa la mwanangu?

Shikamoo anti,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Temeke, kazi yangu ni kushona. Wa mwisho ni pacha, Kulwa na Doto. Wana miaka minane na wako darasa la pili. Majina hayo yaache hivyo hivyo, maana mjini hapa akina Mama Kulwa tumejaa, hakuna atakayenijua.

Kulwa ni wa kike, Doto ni wa kiume. Doto ana usonji, kwa Kiingereza wanaita autism. Tuliambiwa hospitali alipokuwa na miaka minne, baada ya kuzungushwa sana na watu wanaosema watoto wa kiume huchelewa kuongea. Sasa anaongea, ila kwa namna yake. Anaiga makonda wa daladala neno kwa neno, sauti ile ile: "Buguruni, Kariakoo, twende, nafasi ipo!" Akiwa na njaa anaweza kukwambia "shusha hapo". Nyumbani tumeshazoea, tunajua shusha ipi ni ya njaa na ipi ni ya choo. Anapanga visoda kwa rangi kuanzia mlangoni mpaka kitandani, ukikanyaga kimoja siku imeharibika. Makelele hayawezi kabisa.

Kengele ya shule ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Mwezi uliopita ilipigwa yeye akiwa mstarini, karibu nayo. Alijitupa chini, akaziba masikio, akalia hadi akajikojolea. Wenzake wengine walicheka, wengine wakakimbia. Tangu hapo wanamwita "mwenye mashetani". Kuna wazazi wamemfuata mwalimu mkuu wakitaka ahamishwe, mmoja anasema anaogopa mwanawe asije akaambukizwa. Kimeitishwa kikao cha wazazi.

Mwalimu wao wa darasa ni binti mdogo tu lakini ana moyo. Wifi yangu anayeishi Leicester, Uingereza, alituletea kitabu cha picha cha watoto kuhusu usonji. Nilimwonyesha mwalimu, tukakaa tukakitafsiri, nikakata vipande vya karatasi na kubandika Kiswahili juu ya Kiingereza. Kina picha nzuri sana. Kuna mvulana anavaa vitu vya kuziba masikio, hapendi kuguswa, na anajua namba za treni zote. Wenzake wanamcheka. Mwishoni mbwa wa shule anapotea, yeye ndiye anayekumbuka treni ambayo mbwa alipanda, mbwa anapatikana, wote wanampigia makofi. Nilipokisoma nililia.

Mwalimu anataka tukisome darasani tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, na mimi niwepo. Tukimaliza tuwaambie watoto kwamba Doto ni kama yule. Anasema wakielewa wataacha. Mimi niliona dua zangu zimejibiwa.

Baba yao amekataa. Ameniuliza, "Unataka mwanangu awe maonyesho ya Sabasaba?" Anasema tukitangaza leo, siku Doto anakwenda kuposa bado watu watakumbuka. Mama mkwe ndiyo kabisa, hataki hata neno lenyewe litajwe. Anaamini Kulwa alimnyonya mwenzake akili tumboni, na hilo analisema mbele ya Kulwa.

Lakini aliyenichanganya zaidi ni Kulwa mwenyewe. Nilimsomea kitabu nikidhani atafurahi. Akaniambia, "Mama, msikisome. Wataniuliza Doto anajua nini, na Doto hajui kitu." Akaingia zake ndani. Siku hizi hataki kuongozana na mwenzake kwenda shule, anatangulia.

Anti, kitabu kisomwe au kisisomwe? Nikinyamaza naona nimemwacha mwanangu kwa watoto wanaomwita shetani. Nikisema, nyumba inavunjika. Nisaidie.

Mama Kulwa, Temeke

JIBU

Marahaba, Mama Kulwa, na pole sana mwanangu.

Umeniuliza swali moja, lakini naona kitabu hicho kimebebeshwa mengi. Kinatakiwa kikomeshe kejeli, kishinde kikao cha wazazi, kimtulize mumeo, kimnyamazishe mama mkwe na kimrudishe Kulwa ubavuni mwa mwenzake. Kitabu cha watoto hakiwezi yote hayo, hata kiwe kizuri namna gani. Kwa hiyo nitakiweka pembeni kidogo, nitakirudia.

Nianze na ile rimu. Doto hakuanguka kwa sababu wenzake hawaelewi usonji. Alianguka kwa sababu chuma kilipigwa karibu na sikio lake, na watu wengi wenye usonji husikia kwa ukali ambao mimi na wewe hatuujui. Darasa zima linaweza kukariri maana ya usonji, na rimu ikipigwa tena pale pale ataanguka tena. Hilo halihitaji kitabu wala ruhusa ya mtu nyumbani kwako. Doto anaweza kusimama mwisho wa mstari, mbali na mti. Mwalimu anaweza kumwambia mapema, "Doto, kengele inakuja, ziba masikio." Asipoanguka tena, watoto watabaki na kisa cha zamani, na visa vya watoto huchakaa haraka visipopata nyongeza.

Kuhusu kikao, nenda ukiwa na mambo mawili mkononi. La kwanza ni kwamba usonji hauambukizi. Ni namna ubongo unavyokua tangu mtoto akiwa mdogo kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa nao, yaani mtaa wenye watoto elfu moja waweza kuwa na saba au wanane, wengi wao wakiitwa watundu, mabubu au wenye mashetani kama Doto. Huenda mmoja wa wazazi wanaolalamika anaye nyumbani. La pili ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida. Sheria hiyo si ya kuwapigia wazazi wenzako kelele. Ila ni vizuri mwalimu mkuu ajue kwamba unaijua.

Sasa nije kwa Kulwa, maana barua yako imeniuma zaidi pale. Mtoto wa miaka minane anaambiwa alimnyonya pacha wake akili tumboni. Halafu anasomewa kitabu ambacho mtoto mwenye usonji anapigiwa makofi kwa akili nyingi. Ungekuwa wewe, ungesikia nini? Mimi ningesikia kwamba hata ile akili ya treni ingekuwa ya Doto, nisingemwibia. Sijui kama hilo ndilo analolifikiri, na usimhukumu kwa kubuni kwangu. Lakini muulize, na kabla ya kumuuliza mwambie wazi kwa mdomo wako kwamba hakumchukulia mwenzake chochote. Pacha wa kike na wa kiume hutoka mayai mawili tofauti, kila mmoja na lake. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, waliokuwa wakifanya kazi London, walichapisha utafiti wa pacha wenye usonji. Waliona kwamba pacha wa yai moja ndio waliokutwa nao wote wawili mara nyingi zaidi. Kwa wale wa mayai mawili, kama wako, mara nyingi anakuwa nao mmoja tu. Mambo ya kurithi yana sehemu kubwa, na hakuna mtoto anayemla mwenzake.

Mama mkwe wako usimfokee. Madaktari wenye vyeti Marekani na Ulaya katika miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wakisema usonji unaletwa na mama asiyempenda mwanawe, wakawaliza wanawake wengi bure, mpaka watu kama Bernard Rimland, baba wa mtoto mwenye usonji, walipoandika kuipinga hoja hiyo mwaka 1964. Mtu akikosa sababu hutafuta wa kulaumiwa. Bibi amempata Kulwa. Hata hivyo kumheshimu mama mkwe si sawa na kumwacha aseme hayo mbele ya mtoto, na hapo mwenye uwezo wa kumkanya mama yake bila kuonekana amekosa adabu ni mumeo. Yeye anaogopa Doto kuonyeshwa watu. Pengine hajaona kwamba ndani ya nyumba yake Kulwa anaonyeshwa kila siku.

Turudi kwenye kitabu. Ninachokipenda ni kwamba kinawapa watoto maneno. Mtoto akiona jambo asilolielewa na hana neno lake, huokota neno lililo karibu, na kwetu lililo karibu ni mashetani. Waliochunguza habari hii wameona kwamba watoto wakielezwa kwa nini mwenzao anafanya vile, huacha kudhani ni utovu wa adabu au kusudi. Lakini wameona pia kwamba maelezo hubadilisha kile watoto wanachosema mapema kuliko nani wanamchagua kucheza naye. Kwa hiyo mwalimu anaposema "wakielewa wataacha", ana haki ya kutumaini, ila asione ajabu wakimsikiliza kwa makini saa nne na kumkimbia Doto saa nne na nusu.

Kulwa ameona tatizo la kitabu hicho haraka kuliko sisi wakubwa. Yule mvulana anapokelewa kwa sababu ameokoa mbwa. Asingekumbuka treni, wangemcheka mpaka ukurasa wa mwisho. Hadithi za namna hii ni nyingi, na nia yake ni njema, lakini zinamwachia mtoto kama Doto deni: lipa kwa kipaji, ndipo tukupende. Wapo wenye usonji wenye kumbukumbu ya ajabu, ila wengi hawana, kama mimi na wewe tusivyo nayo. Kulwa anajua darasa litadai kipaji, na atakayedaiwa ni yeye, dada yake.

Linganisha na kipindi cha watoto cha Marekani kiitwacho Sesame Street. Walimtunga Julia, mwanasesere mwenye usonji. Alitokea kwanza mwaka 2015 katika kitabu cha picha cha mtandaoni, kisha kwenye televisheni mwaka 2017. Katika kipindi chake cha kwanza, Big Bird, yule mwanasesere wa ndege mkubwa, anamsalimia, Julia hajibu, na Big Bird anadhani hapendwi. Anaelezwa kwamba Julia hufanya mambo kwa namna yake. Baadaye Julia anarukaruka kwa furaha katikati ya mchezo wa kukimbizana, na wenzake, badala ya kumtuliza, wanaanza kuruka naye, mchezo unakuwa mpya. Hakuna mbwa aliyeokolewa. Mtoto anaruka, wenzake wanaruka, basi.

Nilipofika hapo niliwakumbuka makonda wa Doto. Ni mtoto gani wa Temeke asiyejua kumwigiza konda? Mabenchi mawili yakipangwa moja nyuma ya jingine ni daladala. Wenzake wote wanaujua wimbo ule, ila Doto anaujua kuliko wote na hachoki. Mwalimu akiwachezesha daladala, Doto hahitaji kuelezwa. Hata hapo pana hatari, sikufichi. Kicheko cha mchezo hugeuka kejeli kwa dakika moja, na anaweza kutoka pale na jina jipya. Mwalimu akae karibu, na Doto akichoka aachwe ashuke.

Kuna mtu mmoja ambaye barua yako haisemi kama kitabu hicho amesomewa. Doto. Mwalimu amekisoma, Kulwa amesomewa, mumeo amesikia habari zake, na siku ikifika darasa zima litasomewa mbele yake. Je, yeye mwenyewe anajua ana usonji? Mwenzetu anayejibu kwa maneno ya konda anaweza kusikia na kuelewa mengi kuliko anavyoweza kurudisha. Watu wenye usonji duniani wamelisemea sana jambo hili. Hata wale wa Sesame Street waliachwa mkono mwaka 2019 na chama cha watu wenye usonji cha Marekani kilichokuwa kikiwashauri, kwa sababu walianza kusambaza mwongozo wa wazazi kutoka shirika jingine, ambao chama hicho kiliona unawatia wazazi woga na aibu juu ya watoto wao. Kaa naye na kitabu jioni moja nyumba ikitulia. Angalia kama anakivuta, anakirudisha kwako, au anakisukuma. Hilo si jibu kamili, lakini ni jibu lake.

Ukitaka, anza na kitabu cha Doto mwenyewe kabla ya kitabu cha wengine. Mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwaandikia watoto wenye usonji hadithi fupi fupi kuhusu jambo linalowatatiza: nini kitatokea, watu hufanya nini, mimi nifanyeje. Piga picha kwa simu: mti, rimu, mstari, Doto ameziba masikio, darasa. Wapo watu wa steshenari watakaokutolea, ukazishona mwenyewe kama daftari. Mwalimu naye akitaka hadithi za watoto wa aina mbalimbali, mradi wa African Storybook wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini una vitabu vya picha vya bure mtandaoni, vya Kiswahili vikiwemo, na unaruhusu watu kutunga vyao.

Kuhusu tarehe 2 Aprili sina ugomvi nayo. Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 2007 ili dunia izungumze. Lakini siku hiyo, darasani, mama wa Doto akiwa amesimama mbele na kitabu, hakuna atakayetazama picha. Watamtazama Doto. Halafu kuna jambo dogo la kawaida kabisa: darasa letu la msingi mara nyingi lina watoto wengi mno, na wa nyuma hawataziona picha kamwe. Kikisomwa kwa makundi madogo, kwenye mkeka, siku za kawaida, kati ya hadithi ya mtoto anayevaa miwani na ya mtoto anayelelewa na bibi, ni shughuli tofauti kabisa. Pengine hata baba yao ataiona hivyo.

Baba Kulwa usimwone adui wa mwanawe. Hofu yake ina ukweli ndani yake: habari ya mtoto ikishasemwa kwa darasa zima haikusanyiki tena, na mwenye habari hiyo ni Doto, ambaye siku moja angetaka kuisema mwenyewe au asiiseme. Lakini naye aulizwe kwa upole, hivi anadhani sasa Doto hana jina shuleni? Analo, na ni baya kuliko usonji. Kati ya kutangaza na kunyamaza pana sehemu ya kusimama. Mwalimu anaweza kusema Doto anahitaji nini bila kusema hospitali ilimwita nini: "Masikio ya Doto huumia kengele ikilia, kwa hiyo hatumpigii kelele." Faida yake ni kwamba watoto wanapata la kufanya na siri inabaki kwenu. Hasara yake ni kwamba wale wanaoamini mashetani hawajapewa neno la kuweka mahali pake, na wapo watu wazima wenye usonji wanaosema wangependa wangeambiwa mapema na waziwazi.

Mjiandae pia kwa jambo hili: hata kitabu kikisomwa bila kumtaja, kuna mtoto atanyoosha mkono aseme, "Mwalimu, kama Doto!" Watoto si wajinga. Kabla hamjafungua ukurasa wa kwanza, wewe, mumeo na mwalimu mkubaliane atajibiwa nini. Nadhani mazungumzo hayo ya ninyi watatu yatakusaidia zaidi ya kitabu chenyewe, na yanaweza kufanyika hata kama mtaamua kisisomwe.

Kwa sasa mwache Kulwa atangulie shuleni. Anapumua. Siku akiwa na nafasi, mpe kitabu na mkasi wako wa kazi, maana Kiswahili kile ulikibandika wewe, kinabandukika. Mwambie atoe ukurasa asioutaka na aseme pale pangeandikwa nini. Asipotaka, basi. Halafu niandikie kikao kikipita, nijue wazazi wenzako wamesemaje na baba yao alikaa upande gani.